Kusoma Kihispania Granada kwa hela ya kawaida: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni mwongoza watalii, mtoto wa Tanga ila kazi zangu ziko Arusha, na nimekwenda Granada, Hispania, mara mbili kusoma Kihispania kwa hela yangu mwenyewe, sina mfadhili wala mjomba Ulaya. Mara ya kwanza wiki kumi na mbili kuanzia katikati ya Machi, masika ikiwa inapiga huku na magari ya safari yamelala, mara ya pili wiki sita za Novemba na Desemba. Tangu nirudi watu wananiuliza maswali yaleyale, naandika sauti ndefu wasap mpaka nachoka, sasa nimeyaweka yote hapa.

Kwa nini Granada? Si ungeenda Madrid au Barcelona?

Hela. Hilo ndio jibu, mengine nitakuwa nayapamba tu. Chumba nilichokaa Granada, hela yake Madrid ungepewa kona ya chumba na usongwe. Halafu Barcelona ukitoka tu mtaani unakutana na Kikatalani, shuleni, kwenye vibao, kwa majirani, sisemi ni kibaya ila wewe umelipa nauli ujifunze Kihispania. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja tu, kwamba lugha inakuja kwa miezi, haiji kwa ukubwa wa mji, kwa hiyo mji utakaonifanya nikae wiki kumi na mbili badala ya tano ndio mji wangu. Granada ni mji wa wanafunzi, chuo kikuu chao kimeanzishwa 1531 na mji mzima umejipanga kwa watu wasio na hela, baa, vyumba, fotokopi, kila kitu. Na unatembea kwa miguu, kutoka nilikokaa mpaka darasani dakika ishirini.

Miji mingine ya bei hiyohiyo ipo, Salamanca ni mzuri sana na chuo chake kinahesabu tangu 1218, ila baridi yake haina adabu. Jaén na Almería nazo bei ziko chini, sema huko utapata shule chache.

Haya, mwezi mmoja unakula shilingi ngapi?

Nitasema kwa euro maana shilingi yetu haitulii, wewe zidisha kwa elfu tatu kichwani utakuwa salama, Wakenya mzidishe kwa mia na hamsini. Chumba kwenye nyumba ya kushea ni kama euro 280 mpaka 350, mimi nililipa 290 na umeme juu yangu. Chakula ukipika mwenyewe euro 180 inatosha kabisa, mafuta ya zeituni, dengu, mayai, kuku, machungwa, hivyo vyote sio ghali. Laini ya simu na bando, euro 10 hadi 15. Usafiri karibu bure kwa sababu ya miguu, basi nilipanda siku za mvua na siku za uvivu. Starehe weka euro 80, usijidanganye kwamba hutatoka, utatoka. Kwa hiyo bila ada unacheza kwenye 600 hadi 650.

Ada ndio inayouma. Shule binafsi kozi ya masaa ishirini kwa wiki ni kati ya euro 150 na 220 kwa wiki, ukilipia wiki nyingi kwa mpigo bei inashuka, ULIZA, hawakwambii wenyewe. Mimi nilifanya hivi, wiki sita za mwanzo masaa ishirini, halafu nikashuka mpaka masaa kumi, na nusu ya siku nikawa mtaani napiga stori. Ndio uamuzi wa akili kuliko yote niliyofanya, na wenzangu walioendelea na masaa ishirini mpaka mwisho walikuwa wanajua sarufi kunizidi lakini dukani wananituma mimi.

Tiketi ya ndege tofauti. Mimi nilitoka Kilimanjaro kupitia Istanbul mpaka Málaga, na pale uwanja wa Málaga kuna basi la Alsa linaloenda Granada moja kwa moja, kama masaa mawili hivi. Usikate tiketi ya kuishia Madrid kwa sababu umeona imepungua dola hamsini, kutoka Madrid ni basi la masaa matano au treni ya kasi ambayo bei yake itakula hiyo hamsini na chenji.

Viza inasumbuaje?

Inasumbua lakini haiui. Kozi ikiwa haizidi siku 90 unaomba viza fupi ya Schengen, yaani ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada yake euro 90 tangu katikati ya 2024, na siku zako ni 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo usifikirie kutoka kwenda Morocco kidogo na kurudi, hesabu yao haidanganyiki. Unapeleka barua ya shule inayoonyesha umelipa, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, mahali utakapolala, stetimenti ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, na kitu cha kuonyesha una sababu ya kurudi nyumbani. Hiyo ya mwisho ndio wengi wanaanguka. Mimi nilipeleka leseni ya kazi, barua ya kampuni, na ratiba ya safari za Julai zilizoandikwa jina langu.

Ukitaka kukaa zaidi ya siku 90 ni viza ya masomo yenyewe, faili jingine kabisa. Kipimo cha hela wanatumia kitu kinaitwa IPREM, ambacho kimekaa euro 600 kwa mwezi tangu 2023, zidisha kwa miezi utakayokaa na iwe ipo benki kweli, sio ya kuazima Ijumaa na kurudisha Jumatatu, wanaona mzunguko. Ikizidi miezi sita wanataka pia cheti cha polisi na cha daktari, vikiwa vimehalalishwa na vimetafsiriwa na mtafsiri wa kiapo. Anza mapema. Na kanuni zao za uhamiaji zilibadilika Mei 2025, kwa hiyo binamu yako aliyeenda 2019 asikupe maelekezo, soma ukurasa wa ubalozi wa Hispania wa nchi yako, Dar upo, Nairobi upo.

Shule nichague vipi, ziko nyingi mno?

Angalia kama ina ithibati ya Instituto Cervantes, hiyo ni taasisi ya serikali ya Hispania inayosimamia mambo ya Kihispania duniani, na ubalozini barua ya shule yenye ithibati inasomwa kwa jicho lingine. Chuo kikuu chenyewe nacho kina kituo chake cha lugha, Centro de Lenguas Modernas, kiko mtaa wa Realejo kwenye jengo la zamani zuri kweli. Kule madarasa yana ratiba maalumu za kuanza, shule ndogo binafsi unaweza kuanza karibu Jumatatu yoyote.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hili, darasa lina watu wangapi na wanatoka wapi. Shule yangu ya kwanza, siitaji, iliniambia wanafunzi nane, nikafika tuko kumi na tatu, kumi kati yao wanatoka nchi moja na wanaongea Kiingereza tangu mlango unafunguliwa mpaka unafungwa. Nililalamika kwa adabu zote za Kitanga nikahamishwa darasa wiki ya pili. Kama ningenyamaza ningekaa hivyohivyo.

Mimi Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nitaweza Kihispania?

Hapa ndio naomba ukae vizuri maana hili swali linaniuma. Wewe unayesoma hii una mtaji ambao Mmarekani wa darasa langu hakuwa nao, nao ni Kiswahili.

Anza na matamshi. Irabu zao ni tano, a e i o u, zilezile zetu, hazibadiliki. Mjerumani na Mwingereza wanahangaika miezi, wewe unasoma kibao chochote mtaani siku ya kwanza na mtu anaelewa. Ñ ni ny yetu. Z yao ni th ya themanini. J yao ni kh, ile ya kheri ukiitamka kama mzee wa Pwani. Wenye shida na r na l ndio wajiandae, kwa sababu pero ni "lakini" na pelo ni "nywele", na kuna jamaa wa kwetu alimwambia mwalimu "nimechelewa, nywele nimekuja".

Sarufi sasa. Sisi tunasema nataka, hatusemi mimi nataka, kwa sababu mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Na wao hivyohivyo, quiero, basi, wamemweka mwishoni tu badala ya mwanzoni. Ile nimekiona, kitu kinakaa kabla ya shina la kitenzi, na wao lo he visto, kinatangulia hivyohivyo. Halafu kuna kitu wanaita subjuntivo ambacho wazungu wanakilia machozi kweli, darasa zima limenuna, mwalimu anaandika ubaoni quiero que vengas, na mimi nimekaa nyuma nawaza mbona hii ni "nataka uje"? Hatusemi nataka unakuja. Ile e ya mwisho, uje, ule, usome, ndio subjuntivo yenyewe, umezaliwa nayo. Jinsia za maneno ziko mbili tu, na wewe umetoka kwenye ngeli za ki-vi, li-ya, u-zi, unaogopa mbili?

Na maneno. Waarabu walikaa Hispania karne karibu nane na kwetu Pwani wamefanya biashara miaka mingi tu, kwa hiyo tumeokota kwenye kapu moja. Aceituna ni zeituni. Azafrán ni zafarani. Azúcar ni sukari. Fulano ni fulani, na wanalitumia vilevile, fulani kasema, fulani kaoa. Hasta ni ndugu wa hata yetu. Alcalde, meya wa mji, ni kadhi kwa asili yake. Halafu Wareno nao walituachia yao, na Kireno na Kihispania ni mtu na mdogo wake, ndio maana meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino. Iliyonimaliza ni karata. Baa ya chini ya nyumba yangu wazee walikuwa wanacheza karata kila jioni, nikachungulia, karata zao zimechorwa vikombe, panga na sarafu za dhahabu. Wanaziita copas, espadas, oros. Kopa, shupaza, uru! Miaka yote nacheza karata Tanga sikuwahi kujua kopa ni kikombe. Nikawaeleza kwa Kihispania changu cha wiki ya tatu, yule mzee mmoja akanivutia kiti, na kuanzia siku ile nikapata darasa la bure kila saa moja jioni.

Ila kuna mitego. Pera kwao sio pera letu, ni tunda jingine. Pipas ni mbegu za alizeti, wanakaa kwenye mabenchi wanazitafuna kama kasuku. Comida sana maana yake chakula chenye afya, wala sio chakula kingi. Na kuna mlo wa kule maarufu unaitwa papas a lo pobre, mimi mtu wa Pwani nikaagiza kwa furaha zote nikijua naletewa papa. Ni viazi. Viazi na pilipili hoho na vitunguu kwenye mafuta ya zeituni, vitamu, lakini viazi.

Lakini nasikia watu wa Andalusia, jimbo lenye Granada, wanaongea vibaya?

Hawaongei vibaya, wanameza. S ya mwisho inayeyuka, más o menos inakuwa "ma o meno", na Granada wingi wanautambua kwa namna irabu ya mwisho inavyofunguka mdomoni. Wiki mbili za kwanza utaelewa mwalimu na hutaelewa muuza mkate. Ya tatu sikio linazibuka. Na ukishamwelewa muuza mkate wa Granada, Mhispania wa Madrid utamsikia kama anasoma taarifa ya habari, sasa ni vibaya au ni faida?

Kuna pia kitu wanaita malafollá, ni ile tabia ya watu wa Granada ya kukujibu kwa ukavu kama umewakosea, hasa wahudumu. Wanajivunia kabisa. Usichukulie moyoni.

Nikae mtaa gani?

Zaidín kama hela ni ndogo, ni mtaa wa watu wa kawaida, masoko, watoto, bibi anakukemea ukiweka taka siku isiyo yake. Camino de Ronda na karibu na Plaza de Toros kumejaa wanafunzi, kelele ipo. Realejo pazuri na ni karibu na kituo cha lugha cha chuo. Albaicín ndio ile ya picha, vichochoro vya mawe kama Mji Mkongwe ukiuinamisha mlimani, kutembelea tamu ila kubeba gesi na maji huko juu utajuta, na nyumba nyingi zina unyevu.

Usilipe chumba kabla hujakiona. Narudia. Anayesema yuko London kikazi na funguo atakutumia kwa posta ukishatuma depoziti, huyo ni tapeli yuleyule wa kwetu kabadilisha koti. Chukua chumba cha shule au hosteli wiki ya kwanza, zunguka, ona, ndio ulipe. Depoziti wanaita fianza, ni kodi ya mwezi mmoja, na piga picha kila ukuta siku unaingia. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alinikata euro 90 kwa doa la ukutani nililolikuta, sina picha, sina mdomo, nikaondoka.

Hizo tapas za bure ni kweli?

Kweli tupu. Unaagiza kinywaji, soda pia inahesabika sio lazima bia, unaletewa na kisahani cha chakula bila kuongeza senti. Kinywaji euro mbili na nusu hadi tatu, na ukiagiza cha pili kinakuja kisahani kingine tofauti na cha kwanza. Vinywaji vitatu umeshiba umelala. Miji mingi ya Hispania wanakutoza, Granada bado wameshikilia. Kwa mwanafunzi hiki ndio chakula cha jioni na ndio darasa la mazungumzo, unasimama kaunta, mtu wa pembeni anakuuliza unatoka wapi, unasema Tanzania, anasema Kilimanjaro, mnaanza.

Mimi Muislamu, nitaishi?

Utaishi vizuri kuliko unavyodhani, ila nguruwe yuko kila mahali, anajificha hata kwenye maharage na supu ya mboga. Jifunze sentensi hii kabla ya nyingine zote: sin cerdo y sin jamón, por favor, yaani bila nguruwe na bila jamón, ile nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa, tafadhali. Zote mbili, kwa sababu kuna wahudumu ambao kwao jamón haihesabiki kama nguruwe, ni jamón. Mabucha ya halali yapo, maduka ya Wamoroko yapo, mtaa wa Calderería Nueva umejaa nyumba za chai. Na Albaicín juu kuna msikiti mkubwa, umefunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra uso kwa uso, ukitoka kuswali Ijumaa unakaa pale, huna haja ya kulipia mgahawa wa watalii.

Alhambra yenyewe ndio jumba la wafalme wa mwisho wa Kiislamu, waliosalimisha mji Januari 2, 1492. Tiketi kama euro 20, kata wiki kadhaa mapema na jina liwe lilelile la pasipoti. Ukifika pale kumbuka Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani wa Morocco, aliyekuja Kilwa na Mombasa 1331, alifika na Granada yapata 1350, na humohumo ndimo alimokutana na kijana mwandishi Ibn Juzayy ambaye baadaye ndiye aliyeandika simulizi za safari zake. Mimi nilimwambia mwalimu wangu kwamba mtu aliyetuandikia habari za Kilwa alipita kwenye mji wake, akanifanya niwaeleze darasa zima, dakika kumi, Kihispania, jasho linanitoka.

Weusi wanachukuliwaje?

Nitasema nilivyoona. Wengi poa, wazee ndio wazuri zaidi. Watakuita moreno, yaani mweusi, mara nyingi hawana nia mbaya, ila masikio yako ndio yataamua. Wengine wanadhani kila mweusi ni Msenegali anayeuza miwani, wananipungia mkono "hapana asante" na mimi sijauza kitu. Polisi walinisimamisha mara moja stendi ya basi, wazungu wenzangu wa darasani walipita. Nikatoa kopi ya pasipoti na kadi ya shule, wakanirudishia. Tembea na kopi.

Baridi?

Mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na nyuma yake kuna Sierra Nevada, kilele cha Mulhacén kina mita 3,479, theluji unaiona ukiwa umekaa na fulana. Desemba usiku inashuka mpaka karibu na sifuri. Tatizo nyumba zao, zimejengwa kwa ajili ya kiangazi, sakafu ya vigae, hita ni bili. Dawa yao ni meza yenye kitambaa kizito kinachofika chini na kihita ndani yake, unaingiza miguu unajifunika mpaka kiunoni, hutaki kuinuka. Mwezi wa saba na wa nane ni kinyume chake, nyuzi 38 kawaida. Machi mpaka Juni mapema ndio penyewe.

Naweza kufanya kazi huku nasoma?

Usijenge bajeti juu ya hilo. Kwa viza fupi hairuhusiwi, na kwa kozi ya lugha peke yake usitegemee. Wanaokuambia utapata kazi ya baa hawakuambii utalipwa mkononi, utapunjwa, na huna pa kulalamika.

Hela natumaje, M-Pesa inafanya?

Usiitegemee. Beba kadi mbili za Visa za benki tofauti na uziambie benki unasafiri, yangu moja ilifungwa siku ya pili, Jumamosi. Euro taslimu za wiki mbili ziwe nawe. Wao M-Pesa yao inaitwa Bizum, kila mtu atakuambia "nifanyie Bizum" mkigawana bili, lakini inataka akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo wewe ni yule wa sarafu mpaka mwisho.

Kuna cha kuzoea kwenye tabia?

Saa. Mwalimu alituambia tukutane a las dos kwenda kuzunguka mji, kichwa changu kikatafsiri saa mbili, nikafika saa mbili asubuhi nimepiga pasi shati. Las dos ni saa nane mchana. Wanakula mchana saa nane au saa tisa, usiku saa tatu na kuendelea, na katikati maduka madogo yanafungwa, usiende kununua kitu saa kumi ukakasirika.

Shikamoo hakuna. Nilikuwa namwambia mwalimu usted, ile "wewe" ya heshima, kila sentensi, ana miaka hamsini na kitu, nifanyeje, akaniomba niache maana namzeesha. Wanasema tú, "wewe" ya kawaida, kwa karibu kila mtu. Na wanasalimiana kwa busu mbili mashavuni, ikikupa shida nyosha mkono mapema kabla hajakusogelea, wanaelewa.

Nitachukua muda gani mpaka niongee?

Kutoka sifuri, wiki kumi na mbili ukiwa unatoka nje kila jioni unafika mahali pa kuendesha maisha yako yote kwa Kihispania kikiwa na makosa. Ukijifungia na wenzako wa Kiingereza, hata wiki ishirini hazitoshi. Tafuta intercambio, yaani wewe unampa Kiingereza nusu saa na yeye anakupa Kihispania nusu saa, kila wiki zipo kwenye mabaa. Mimi nilipata binti wa famasia na kaka yake, na yule kaka alitaka Kiswahili sio Kiingereza, sasa hivi anajua kusema "acha zako".

Cheti gani kina maana?

DELE, inatolewa kwa jina la serikali ya Hispania kupitia Instituto Cervantes na haina mwisho wa muda. SIELE ni ya kompyuta, majibu haraka, inadumu miaka mitano. Cheti cha shule yenyewe ni cha kutundika. Kazi za utalii Arusha na Zanzibar hakuna aliyeniuliza cheti, bosi alinipigia mgeni wa Valencia kwenye simu akanipa niongee naye, ndio ulikuwa usaili.

Nikirudi nyumbani si kitapotea?

Kitaanza kuondoka ndani ya mwezi, ni kweli, maneno ya jikoni yanatangulia. Mimi nilipanga na yule wa Kiswahili tupigiane kila Jumapili, nusu yake nusu yangu, na ninasikiliza redio ya kwao nikiosha gari. Halafu msimu unaanza, wageni wanakuja. Mwaka jana Ngorongoro nilipewa familia ya watu sita, bibi yao akanisikiliza kama dakika tano hivi kisha akamgeuzia mwanawe, "huyu kijana kajifunzia Granada, sikia anavyomeza s."